Kampuni ikipunguza joto asubuhi, nyumba itapoa?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi na mume wangu na watoto wawili huku Taastrup, magharibi ya Copenhagen, kwenye ghorofa ya zege inayopashwa moto kwa fjernvarme, yaani maji ya moto yanayoletwa majumbani kwa mabomba ya kampuni ya joto. Karibuni tutakuwa na mkutano wa wakaazi. Bodi inataka tuiruhusu kampuni ya joto ipunguze joto la jengo kila siku ya baridi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa mtambo utakaoendeshwa kutoka mbali. Majirani wengine wanasema tutagandishwa saa zile zile watoto wanapojitayarisha kwenda shule. Na huku huku kwetu wamechimba bwawa kubwa la maji ya moto la kuwekea akiba ya joto. Kama bwawa wanalo, kwa nini watutake sisi tupunguze? Na faida tutaiona kwenye bili au itaishia kwao?

Jibu: Waalaikum salaam dada. Ushauri wangu ni mkubali, lakini kwa masharti yaliyoandikwa, na masharti yenyewe nitayataja huko mbele. Jengo la zege lenye madirisha yanayofunga sawasawa haligandi kwa saa tatu. Wengi wenu hamtatambua kama kuna kitu kimepunguzwa. Watakaotambua ni wachache, na mara nyingi huwa wanajulikana hata kabla ya kuanza: wanaokaa pembeni mwa jengo, wa ghorofa ya juu kabisa, na wa chini walio juu ya vyumba vya chini ya ardhi visivyopashwa moto. Hao ndio wa kuwatetea kwenye mkutano.

Nianze na hofu ya majirani, maana ndiyo inayoamua kura. Hesabu yake si ngumu. Chukua fleti ya mita za mraba 75. Wahandisi wa Denmark wakikokotoa jengo zito la zege na matofali, huchukulia kwamba kila mita ya mraba ya sakafu, pamoja na kuta na dari zilizo karibu yake, hubeba kama wati-saa 120 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa fleti nzima ni wati-saa 9,000, yaani kilowati-saa 9, uniti 9 kwa lugha ya mita za umeme za kwetu. Kwa hiyo ili fleti ile ishuke nyuzi moja, na kuta zake na sakafu yake, lazima kwanza ipoteze uniti 9 za joto.

Inazipoteza kwa kasi gani? Tuseme fleti yenu hupoteza wati 80 kwa kila nyuzi ya tofauti baina ya ndani na nje, kiasi cha kawaida kwa jengo lisilo jipya wala bovu. Ndani pana nyuzi 21, nje pana nyuzi 1. Tofauti ni 20, kwa hiyo wati 1,600 zinatoka. Kwa saa tatu ni uniti 4.8. Gawa kwa 9, unapata nusu nyuzi na kidogo. Hapo nimefanya kana kwamba hita zote zimezimwa kabisa na ndani hamna mtu, wala jiko, wala friji. Mtu mzima peke yake hutoa joto la karibu wati 100 akiwa amekaa tu. Na kampuni haizimi kabisa, inapunguza.

Nusu nyuzi hiyo ni ya jengo zima, kuta na sakafu pamoja. Hewa ya chumbani hushuka upesi zaidi kwa sababu hewa haina uzito wa kushika joto: hewa yote ya fleti ile haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya uniti kwa nyuzi moja. Kwa hiyo kipimajoto cha mezani kinaweza kukuonyesha kimeshuka kama nyuzi moja, halafu kikatulia, kwa kuwa kuta zimeanza kuirudishia hewa joto lao. Mwili wa binadamu nao husikia joto la kuta karibu sawa na unavyosikia la hewa. Ndiyo maana chumba chenye kuta vuguvugu hakikuumizi hata hewa ikipoa kidogo.

Wewe umekulia Unguja, jambo hili unalijua kwa ngozi yako. Ukiingia nyumba ya Mji Mkongwe saa nane mchana, kuta nene za mawe na chokaa zingali na ubaridi wa usiku. Kuta za Taastrup hufanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili, zinashika joto la usiku na kulitoa asubuhi.

Kama jengo lenu lingekuwa la mbao, jibu langu lingebadilika. Nyumba nyepesi hubeba kama wati-saa 40 tu kwa mita ya mraba, thuluthi ya ile ya zege, na kwa hesabu ile ile ingeshuka nyuzi moja na nusu au zaidi. Huko ningesema saa moja inatosha, au wasubiri.

Jaribio ninalolitaja kila ninapoulizwa swali hili lilifanyika Göteborg, Sweden, katika majengo matano ya ghorofa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Walicheza na joto la majengo hayo kwa makusudi, wakilipunguza na kulizidisha kwa saa kadhaa, huku vipimo vikisoma ndani ya fleti. Waliona kwamba jengo zito linaweza kuazima au kuweka akiba ya kilowati-saa 0.1 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, na ni nadra sana joto la ndani kuyumba zaidi ya nusu nyuzi juu au chini. Sasa rudi kwenye fleti yetu: uniti 4.8 kugawa kwa mita 75 ni 0.064. Mko ndani ya mpaka, na nafasi inabaki.

Namna wanavyofanya ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kule chini ya jengo, katika chumba cha mitambo, pana kibadilisha joto: maji ya moto ya kampuni hupita upande mmoja, maji ya hita zenu upande wa pili, hayachanganyiki. Ukutani nje, kwa kawaida upande wa kaskazini usiopigwa na jua, pana kipimo kidogo cha joto la nje. Kidhibiti hukisoma, na kadiri nje panavyozidi baridi ndivyo kinavyopeleka maji ya moto zaidi kwenye hita. Kule Göteborg hawakugusa hita ya mtu yeyote. Waliingilia ile taarifa ya kipimo cha nje: nje pana nyuzi 0, kidhibiti kikaambiwa ni 7, basi kikapeleka maji yenye moto mdogo zaidi kwenye jengo zima. Mtambo mtakaofungiwa huenda ukawa wa namna hiyo au wa jamaa yake. Muulizeni fundi swali moja tu la kiufundi: mtambo huu unagusa maji ya hita peke yake, au unagusa pia maji ya bombani?

Swali hilo ni zito. Maji ya kuogea hayafai kuingizwa kwenye mchezo huu. Maji ya moto yakikaa muda mrefu kwenye tangi au kwenye mabomba ya kuzungukia jengo yakiwa chini ya nyuzi 50, bakteria ya Legionella hupata mahali pazuri pa kuzaana, na ugonjwa wake wa mapafu unaua wazee. Tangi liweze kufika nyuzi 60, na maji yanayozunguka yasishuke chini ya 50. Mkataba usioyatenga maji ya bombani na hita msiutie saini.

Sasa kuhusu bwawa. Nafurahi umeuliza, kwa sababu watu wengi wanaliona lile shimo lenye kifuniko na hawajui ni mojawapo ya vitu vya maana vilivyojengwa huko kwa miaka ya karibuni. Ni mali ya kampuni mbili kwa pamoja: VEKS, inayosafirisha joto kwa mabomba makubwa magharibi ya Copenhagen, na Høje Taastrup Fjernvarme, inayolisambaza kwenu. Lina meta za ujazo 70,000 za maji. Meta moja ya ujazo ya maji ikipanda nyuzi moja hushika kilowati-saa 1.16. Maji yale yanaweza kufika karibu nyuzi 90, na yakitumika hadi karibu 50, yamebeba tofauti ya nyuzi 40. Zidisha: 70,000 mara 1.16 mara 40, unapata kilowati-saa milioni 3.25 hivi, yaani megawati-saa 3,250. Wenyewe wanaandika 3,300. Na mlango wake wa kuingizia na kutolea joto ni megawati 30, kwa hiyo bwawa likijaa linaweza kutoa kwa nguvu zake zote siku nne na nusu mfululizo kabla ya kwisha.

Ndani yake hakuna ukuta wala kizuizi. Maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini kwa sababu ya uzito tu: meta ya ujazo ya maji yenye nyuzi 90 ina kilo 965, ya nyuzi 45 ina kilo 990. Tofauti hiyo ndogo inatosha, alimradi maji yaingizwe taratibu kupitia visahani vipana vinavyoyatandaza bila kuyavuruga. Wakati wa kujaza, maji ya moto huingia juu na ya baridi hutolewa chini. Wakati wa kutumia ni kinyume chake. Kifuniko kinaelea juu ya maji, kina matabaka ya kuzuia joto, na pembeni na chini ni udongo tu na karatasi ya plastiki nene. Watu hushangaa kwamba pembeni hakuna kinga. Jibu ni ukubwa. Ukilikuza tangi mara mbili kila upande, maji yake huwa mara nane lakini ngozi yake huwa mara nne tu, basi joto linalovuja kwa kila lita hupungua kwa nusu. Ndiyo maana bwawa kubwa la udongo linashinda mamia ya matangi madogo ya nyumbani, na kwa bei ya kila uniti inayowekwa akiba linashinda betri kwa mbali sana.

Denmark walijifunza haya kwa miaka mingi, si kwa siku moja. Marstal, kisiwani Ærø, walianza na bwawa la majaribio la meta za ujazo 10,000, kisha wakajenga la 75,000 mwaka 2012. Dronninglund wakafuata na 62,000 mwaka 2014, na Vojens, Jutland ya kusini, wakapita wote kwa bwawa la kama 200,000. Hayo yalijengwa kwa ajili ya jua: mashamba ya vioo vya kukusanya joto yanajaza bwawa kiangazi chote, na mji unaoga na kujipasha moto kwa jua la Julai hadi majira ya baridi yakishaanza. Hayakwenda bila taabu. Vifuniko vya Marstal na Dronninglund viliingia unyevu na kulazimika kubadilishwa, kwani plastiki inayokaa juu ya maji ya nyuzi 90 huzeeka upesi, na tabaka la kuzuia joto likishalowa halizuii tena.

La kwenu ni la kazi nyingine. Halingoji kiangazi. Hujaa na kutoka mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, kwa kufuata bei ya umeme. Mitambo kama ile ya Avedøre, inayochoma vidonge vya mbao na nyasi kavu za ngano, huzalisha umeme na joto kwa pamoja. Upepo ukipungua na bei ya umeme ikapanda, inafaa mitambo ifanye kazi kwa nguvu hata kama saa hiyo mji hauhitaji joto lote. La ziada linakwenda akibani. Upepo ukivuma sana na umeme ukawa wa bei ya chini, mara nyingine chini ya sifuri, inafaa mitambo ipumzike na pampu za joto (mashine za umeme zinazovuta joto kutoka nje) na boila za umeme zifanye kazi. Zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo, kwa hiyo mabadiliko haya hutokea mara kwa mara. Nayo matanuri ya taka, Amager, Roskilde na kwingineko, huchoma usiku na mchana, kwa kuwa taka hazina msimu. Kila siku wapangaji wa joto wa eneo la Copenhagen hutengeneza ratiba ya kesho, saa kwa saa, mtambo upi uwashwe na kwa kiasi gani. Bwawa huwapa nafasi ya kupumua.

Basi kwa nini wanawataka na nyinyi? Kwa sababu bwawa liko upande wa mwanzo wa bomba, na taabu ya asubuhi iko upande wa mwisho wake.

Fikiria saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Januari. Watu maelfu wanaamka kwa pamoja na kufungua maji ya kuoga. Wakati huo huo majengo mengi yaliyopunguza joto usiku yanajirudishia, shule zinapashwa moto, ofisi zinapashwa moto. Mahitaji yanapanda kama mlima kwa saa mbili tatu kisha yanashuka. Bomba lililozikwa barabarani lina kipenyo chake, haliwezi kupitisha zaidi. Kampuni ina njia tatu. Inaweza kupandisha moto wa maji kwenye mtandao wote, na hapo joto linalovuja ardhini linaongezeka, na kwa Denmark nzima mabomba tayari hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya joto lote. Inaweza kuwasha boila za akiba zilizo karibu na mitaa, ambazo nyingi huchoma gesi au mafuta, nazo ndizo ghali na chafu kuliko zote. Au inaweza kuwaomba baadhi ya wateja wasichote saa hiyo hiyo. Bwawa haliwezi kulipanua bomba la mtaa wenu. Kuta zenu zinaweza kusaidia, kwa sababu zenyewe ni ghala lililo tayari upande wa pili wa bomba, na gharama yake ilishalipwa siku jengo lilipojengwa.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe kwenda mkutanoni. Mnachoombwa ni kuchelewesha kiasi kidogo cha joto, uniti nne au tano kwa fleti, na mtazirudishiwa baadaye asubuhi. Hakuna anayewanyima.

Na marudisho yenyewe yana hatari yake. Kama majengo mia yatapunguziwa saa kumi na mbili na yote yafunguliwe saa tatu kamili, mlima umehamishwa tu. Kampuni inayojua kazi yake huyapanga kwa zamu, hili linarudi saa mbili na nusu, lile saa tatu na robo, na joto hurudi polepole. Mkiambiwa jengo lenu zamu yake ni tofauti na la jirani, msione mmeonewa.

Lipo jambo moja ambalo wakaazi wenyewe hulivuruga. Kila hita yenu ina valvu yenye namba 1 hadi 5. Ile namba haielezi nguvu ya hita. Ni joto unaloliagiza: 3 ni kama nyuzi 20 au 21, na valvu hujifunga yenyewe chumba kikifika hapo. Mtu akihisi ubaridi kidogo saa moja asubuhi akazungusha mpaka 5, hapati joto upesi zaidi. Anachofanya ni kuifungua valvu wazi kabisa, maji yanapita mbio na kurudi chini yangali moto, na saa nne chumba kimekuwa tanuri. Ziacheni hita zote kwenye 3 au karibu yake, hita zote za chumba kwa pamoja, si moja kwenye 5 na nyingine imefungwa. Kwa sababu ya valvu hizi hizi, kuongeza joto kabla ya saa ya kupunguza ni kugumu kuliko kupunguza kwenyewe. Kampuni ikileta maji ya moto zaidi saa kumi alfajiri ili kuta zishibe, valvu husema chumba kimeshafika na kujifunga. Mkisikia ahadi kwamba jengo litashibishwa kwanza, ulizeni litashibishwa vipi.

Kuhusu watoto. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba nyumba katika nchi za baridi isishuke chini ya nyuzi 18, na kwa watoto wachanga na wazee ikae juu zaidi. Kutoka 21 hadi 20 ni mbali na mpaka huo. Kinachowaumiza watoto wengi katika nyumba zetu za huku ni unyevu na kuvu ukutani: tunapika sana, tunaanika nguo ndani, na tunaogopa kufungua dirisha. Fungueni madirisha yote wazi dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha mfunge. Hewa yote itabadilika na kuta zitabaki na joto lao, kwa ile hesabu niliyokupa ya hewa na zege. Kuacha dirisha nusu wazi siku nzima ndiko kunakopoza kuta. Asubuhi fanyeni hivyo kabla ya saa kumi na mbili, au mkisubiri, baada ya saa tatu.

Sasa fedha. Mita yako ya joto haitashuka sana kwa mpango huu pekee. Joto lililocheleweshwa hurudi, kwa hiyo uniti ni karibu zile zile. Anayekuambia utaokoa sehemu kubwa ya bili kwa saa tatu za asubuhi anachanganya na jambo jingine: kushusha joto la nyumba kwa nyuzi moja wakati wote, usiku na mchana, ambako hupunguza matumizi kama asilimia 5. Hilo ni uamuzi wako mwenyewe na halihitaji mtambo wa mtu.

Faida ya mpango inapatikana kwa kampuni: mafuta machache ya boila za akiba, mabomba yasiyohitaji kupanuliwa, umeme uliouzwa wakati mzuri. Je, itawarudia? Kwa sheria ya Denmark kampuni za fjernvarme hutoza gharama halisi na hazikusanyi faida kwa mwenye hisa. Msingi huo unatokana na sheria ya ugavi wa joto ya mwaka 1979, iliyotungwa baada ya nchi kuumizwa vibaya na mgogoro wa mafuta wa 1973, wakati sehemu zaidi ya tisa kwa kumi za nishati yake ilikuwa mafuta ya kununua nje. Kwa hiyo akiba ya kampuni hatimaye huingia kwenye bei ya kila mteja. Lakini ikishagawanywa kwa wateja wote, jengo lililojitolea linapata tone sawa na jengo lililokataa. Naona hilo si haki, na semeni hivyo wazi. Ombeni punguzo la jengo lenu, ama kwenye ile sehemu ya bili isiyobadilika, ama malipo ya mwaka kwa kushiriki. Kampuni nyingine hukubali, nyingine husema hazina utaratibu huo bado, na kwa hao ombeni kitu mbadala: wawasawazishie bure mfumo wa hita wa jengo, yaani waurekebishe ili kila hita ipate maji yake ya kutosha, isizidi wala isipungue.

Usilidharau hilo. Kampuni nyingi za Denmark hutoa zawadi au faini kwa kuangalia maji yanarudi na joto gani. Tazama sababu yake. Meta ya ujazo inayoingia jengoni na nyuzi 75 na kutoka na 40 imeacha ndani karibu uniti 40. Ikitoka na 50, imeacha 29 tu, na pampu zimefanya kazi ile ile. Jengo ambalo hita zake hazijasawazishwa hurudisha maji ya moto, fleti za karibu na chumba cha mitambo zikiungua na za mbali zikibaki baridi. Kusawazisha huko kunaweza kuingiza pesa ya uhakika zaidi kuliko mpango wa asubuhi, tena ndiko kunakomwondolea taabu yule wa pembeni mnayemhofia.

Basi masharti, kwa mpangilio ninaoona una uzito. Maji ya bombani yasiguswe. Vipimo vya joto viwekwe ndani ya fleti chache, lazima zikiwemo za pembeni, ya juu kabisa na ya chini, na mtambo ujiondoe wenyewe kwenye mpango pale moja kati ya hizo inaposhuka chini ya nyuzi 20. Msikubali kipimo kimoja cha fleti ya katikati, kwani hiyo huwa na majirani joto pande zote na haitalalamika kamwe. Siku za baridi kali, tuseme chini ya nyuzi kumi hasi, wapunguze muda uwe saa moja. Bodi iwe na haki ya kuona kumbukumbu za joto kila wakati, si ripoti ya mwisho wa mwaka, na taarifa za ndani ya fleti zisitumike kwa kazi nyingine. Joto la chumba huonyesha saa mtu anapokuwepo na anaposafiri, kwa hiyo ni siri ya mwenye nyumba. Na pawe na namba ya simu inayopokelewa saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na uwezo wa mhudumu wa jengo kuzima mpango papo hapo bila kuomba ruhusa.

Mkataba wa kwanza usizidi msimu mmoja wa baridi. Kabla haujaanza, kila fleti iandike joto la sebuleni saa moja asubuhi kwa wiki mbili, kwa kipimajoto chochote cha dukani kilichowekwa mbali na hita na dirisha. Mpango ukishaanza, mwandike tena wiki mbili katika baridi inayofanana na ile. Mkiweka karatasi hizo mbili mezani kwenye mkutano utakaofuata, hamtabishana tena kwa hisia, na fleti zilizoshuka kweli zitaonekana kwa namba zake. Hizo zitengenezewe kwanza, mpira wa dirisha, valvu iliyokwama, hita iliyojaa hewa, ndipo mjadili kuongeza mkataba.